Nazi kwenye Vigae vya Changamwe

Nimestaafu, na Mishi mkubwa wenu ameniambia niwaandikie kurasa mbili, nyinyi mnaobaki kazini. Kurasa mbili! Mimi ambaye nikiulizwa saa huanza na habari za fundi aliyeitengeneza saa yenyewe. Haya, nitajikaza. Atakayezihesabu kurasa na azihesabu kwa huruma.

Vyeo sitavigusa. Vilikuja, kila kimoja na kadi yake ya kuning'iniza shingoni, na kadi zote mke wangu huzitumia kufungulia mlango wa stoo ukikwama. Mshahara nao si habari ya kusimulia mbele ya watu wenye heshima zao. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya wiki moja ambayo ofisi yetu nusura ifungwe kwa sababu ya adabu njema.

Kabla ya kompyuta nilikuwa dereva wa foklifti katika godauni la nafaka, hapa hapa Changamwe. Foklifti yangu ilikuwa kuukuu kiasi kwamba nikiiwasha, kuku wa Mazeras waliacha kutaga. Kazi yangu ilikuwa kupanga magunia ya mahindi na mchele, kuyapandisha na kuyashusha, na kujua kwa jicho kwamba mrundo huu umekaa sawasawa na ule kesho utamwangukia mtu. Jicho hilo sikulisomea. Lilikuja lenyewe, baada ya kukimbia mara kadhaa.

Jioni, nikishavua ovaroli, nilikwenda shule ya jioni kule Kisauni, si mbali na kwangu Junda. Darasa la kompyuta lilikuwa juu ya duka la magodoro, na nawaambia duniani hakuna jaribu kubwa kama kusoma umechoka huku ukijua chini ya miguu yako kuna magodoro mapya yanakungoja. Wanafunzi wenzangu walikuwa rika la wanangu. Nikiingia, darasa zima linanipa shikamoo, mpaka mwalimu. Wapakiaji wa godaunini nao hawakuniacha.

“Katana, na mvi hizo umerudi gumbaru?”

“Nimerudi,” nikawajibu, “na leo nimekalishwa mbele kwa sababu natulia.”

Nikamaliza. Cheti nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kumaliza gilasi ya maji bila kukisoma.

Aliyeniajiri ni Bi Zuhura, mkuu wa ofisi hii wakati huo. Nyinyi wadogo hamkumkuta. Mama wa ukoo wa zamani wa Kimvita, maneno yake ya polepole, buibui lake halina hata kunyanzi moja, na macho yaliyoweza kuona kosa kwenye kioo cha kompyuta yeye angali ngazini anapanda. Alikitazama cheti changu, akanitazama mimi.

“Umesoma jioni?”

“Naam, Bi Zuhura.”

“Baada ya kubeba magunia kutwa?”

“Naam. Yaani, foklifti ndiyo iliyobeba. Mimi nilikuwa naitukana.”

“Basi wewe usingizi waujua thamani yake, na bado ulikwenda darasani. Njoo Jumatatu, mwanangu.”

Mwanangu! Alinizidi miaka michache tu. Lakini kwa Bi Zuhura kila aliyekaa mbele ya kompyuta alikuwa mwanawe, na kompyuta zenyewe zilikuwa wajukuu.

Ofisi ilikuwa hapa hapa mlipo, juu ya duka la vipuri vya malori, ila mashine za kupoza hewa hazikuwapo. Kulikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kufikiria sana. Wenye kampuni walikuwa Nairobi, na mkubwa wao tulimwita Mkurugenzi. Tulimjua zaidi kwa sauti ya simu. Kazi yetu ilikuwa kuandika programu za magodauni na yadi: gunia likae wapi, kontena lipande juu ya lipi, lori lianze kupakia upande gani. Nilipoelezwa hayo siku ya kwanza nilitaka kucheka kwa sauti. Yaani kuna watu wanalipwa kupanga magunia wakiwa wamekaa!

Bi Zuhura akanipa zoezi. Kwenye kioo kulikuwa na mrundo wa magunia, moja juu ya jingine. La chini kabisa linaondolewa. Yaliyobaki yote yashuke hatua moja. Nikasema moyoni, mama huyu hajui amempa nani. Nikaandika programu yangu kwa mbwembwe, nikaanza na gunia la juu, kama tulivyofanya godaunini siku zote, maana ukianza kuchomoa la chini utazikwa nalo. Nikabonyeza. Gunia la mwisho likashuka. Mengine yote yakabaki hewani, yametulia tuli, kama watu wanaongoja kuitwa majina hospitalini.

“Mashine yako ni mbovu,” nikamwambia.

Bi Zuhura akavuta kiti. “Gunia la juu umeliuliza nini?”

“Nimeliuliza kama chini yake pana nafasi.”

“Likaona nini?”

“Likaona mwenzake.” Hapo nikaanza kuwashwa na kitu kichwani. “Likakaa. Na la pili likaona mwenzake, likakaa. Mpaka nikafika la mwisho, ndilo pekee lililoona nafasi, na yale ya juu nimeshayapita.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nianze na la chini. Likiondoka, la juu yake linaona nafasi, linashuka, na la juu ya hilo vilevile. Lakini Bi Zuhura, ukifanya hivyo godaunini unazikwa alasiri.”

“Ndiyo maana twafanya humu,” akasema, akaenda zake kuswali.

Wallahi, vijana, siku ile nilitoka kazini kama nimeokota almasi. Miaka yote ile juu ya foklifti, na kumbe kuanguka kwa gunia ni mazungumzo! Kila gunia linauliza, linajibiwa, linaamua. Nilifika Junda nikamsimulia mke wangu mrundo mzima, gunia kwa gunia. Alilala kwenye gunia la tatu. Mimi sikulala.

Sasa vifaa. Msidhani nitasifu kompyuta. Kifaa chetu kikubwa kilikuwa mkebe wa kete, zile kokwa ngumu za komwe zinazochezewa bao. Bi Zuhura alikuja nao kutoka kwao, na sharti lake lilikuwa moja: programu yoyote inayohusu kitu kushuka, kuteleza au kurundikana ichezwe kwanza sakafuni. Mnaviona vigae hivi vya miraba chini ya miguu yenu? Msiving'oe. Ndivyo vilivyokuwa karatasi yetu. Upande wa dirishani tuliuita juu, upande wa mlangoni tuliuita chini. Kete zilikuwa chochote kinachoanguka. Rafu na kuta tulizitengeneza kwa champali zetu, ndiyo sababu mgeni akija ghafla alitukuta wote miguu mitupu tumeinama kama tumepoteza pete. Na sote tulisimama upande wa mlangoni, kwa kuwa ukienda kusimama dirishani kushoto kwako kunakuwa kulia kwa wenzako, na hapo mtagombana mpaka kiama.

Sharti la pili: kila mtu apike kwenye chungu chake. Kazi ikiwa ngumu, watatu waliandika programu tatu bila kuchunguliana. Majibu yakilingana, tunatuma. Yakitofautiana, tunarudi sakafuni. Sharti hilo lilituokoa mara nyingi sana. Lilikuwa zuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kujiuliza litatuangusha vipi.

Watatu wenyewe walikuwa Bi Zuhura, mimi, na Mishi. Mishi huyu mnayemwona leo mkubwa wenu alikuwa msichana wa Likoni, mpya kazini, anaandika programu kwa kasi mpaka kibodi inaomba maji. Halafu kulikuwa na Wanjala, fundi wa mashine. Wanjala alitoka bara, Bungoma, na Kiswahili chake kilikuja na mizigo yake yote. Programu hakuandika. Alifunga nyaya, alifufua mashine za kuchapia, na alijua viazi vya karai vya moto vinatoka saa ngapi kwa kila muuzaji kuanzia hapa mpaka feri. Mimi aliniita Mzee Foki. Bi Zuhura alimwita Mathe, kama vijana wa bara wanavyowaita mama zao, na Bi Zuhura, ambaye hakumruhusu hata Mkurugenzi kumkatiza, alimwitikia.

Jambo moja tu liliwasumbua wawili hao. Wanjala ni mtu wa mkono wa kushoto. Kila asubuhi alimpelekea Bi Zuhura chai ya tangawizi, na kila asubuhi kikombe kilikuja na mkono uleule.

“Mathe, chai ndio hii.”

“Mkono huo, mwanangu!”

“Aki pole.” Anahamisha kikombe mkono wa kulia, nusu ya chai inabaki kwenye sahani. “Sasa Mathe unataka adabu ama unataka chai?”

“Vyote viwili.”

“Vyote viwili havijawahi kufika.”

Hivyo kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Mishi na mimi tulikuwa tunasubiri tamthilia hiyo kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari.

Nafika sasa kwenye ile wiki. Kazi zilikuwa zimepungua. Mkurugenzi akapiga simu, Bi Zuhura akaweka sauti nje tusikie wote. Mteja mmoja mwenye magodauni makubwa alitaka programu ya kuonyesha jinsi mizigo inavyojipanga inapomiminwa kutoka juu. Kabla ya kutoa kazi alitaka kutupima, kwa hiyo katuma fumbo. Tuna majaribio matatu, na mwisho ni Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri.

“Na tusipoweza?” Bi Zuhura akauliza.

“Tusipoweza, Bi Zuhura, ofisi ya Changamwe sina cha kuifanyia. Kilichobaki nitakihamishia Nairobi.”

Simu ikakatwa, na feni ikaendelea kufikiria. Bi Zuhura hakuwa mtu wa kuhama. Kwake kuvuka daraja la Nyali tu ilikuwa safari ya kuaga. Mishi alikuwa na mamake Likoni, hajiwezi, na hakuna mwingine wa kumwangalia. Mimi nani Nairobi angenichukua, mzee wa cheti cha jioni? Nilikuwa na habari kwamba godauni langu la zamani linatafuta dereva. Foklifti ilikuwa ile ile.

Lakini fumbo lenyewe, jamani! Nililisoma nikasahau kuogopa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nawaeleza kwa kwetu. Kuna godauni, na kwenye paa lake kuna tundu. Kutoka tunduni yanadondoka mawe ya duara, moja moja. Sisi tuliyaita nazi papo hapo, kwa kuwa nani amewahi kuona jiwe linadondoka tunduni? Nazi inashuka wima. Ikikutana na rafu au nazi nyingine chini yake, inajaribu kuteleza mshazari kwenda upande mmoja. Upande huo ukiwa umejaa, inajaribu wa pili. Pande zote zikijaa, inatulia hapo ilipo, na nyingine inadondoka. Sakafu ya godauni ina mapengo, kwa hiyo siku ikifika nazi moja itakosa pa kutulia, itachuruzika mpaka nje. Swali: wakati huo, ni nazi ngapi zimetulia ndani?

Mnaelewa nilivyojisikia? Haya yalikuwa maisha yangu! Mrundo unakua, unatanuka, unafika ukingoni, unamwaga. Nilikuwa nikiona kwa macho kabla sijaandika mstari mmoja. Niliandika mchana kutwa bila kula, na wanaonijua wanajua hilo ni tukio. Mishi naye upande wake, Bi Zuhura upande wake, kila mtu na chungu chake.

Karatasi ilikuwa na mfano mdogo wenye jibu lake, ili ujijaribu. Programu yangu ikatoa jibu la mfano. Ya Mishi ikatoa. Ya Bi Zuhura ikatoa. Tukaziingiza ramani kubwa, ile ya godauni halisi la fumbo, na programu zote tatu zikatoa nambari ileile. Nilicheza ngoma ya kwetu mpaka mwenye duka la vipuri akagonga dari kwa ufagio. Bi Zuhura akatuma.

Jibu likarudi pale pale: sivyo.

Nilidhani kioo kina ugonjwa. Mishi akaisoma tena karatasi, akasema pengine ile nazi inayochuruzika nje nayo wanaihesabu. Tukabishana siku nzima, tukaongeza moja, tukatuma. Sivyo. Tukabaki na jaribio moja, na Mkurugenzi akapiga.

“Mmefika wapi?”

“Tumefika mbali,” nikasema, kwa kuwa Bi Zuhura alinipa ishara nipokee mimi.

“Mmebakisha majaribio mangapi?”

“Lipo.”

“Lipo ngapi?”

“Ndiyo hivyo, lipo.”

Nikamsikia akivuta pumzi yote ya Nairobi.

Kilichotuvunja si kukosa. Kukosa tumezoea. Kilichotuvunja ni kwamba tulikubaliana. Programu tatu, vichwa vitatu, kimoja cha godauni, kimoja cha chuo, kimoja cha miaka mingi kwenye kazi, na zote zinaapa nambari ileile. Ukikosa peke yako unamwuliza mwenzako. Mkikosa wote sawasawa mnamwuliza nani? Mishi aliifungua programu yangu, nikaifungua yake, Bi Zuhura akazisoma zote mbili, na kila mmoja akasema kwa mwenzake hakuna kosa. Asubuhi ya Ijumaa Mishi alikuwa ameinamisha kichwa mezani, na niliposogea nikaona kibodi imelowa. Nikamwambia Likoni haiendi popote. Akasema, “Likoni haiendi, Mzee Katana. Mimi ndiye nitakayekwenda.”

Hapo ndipo Wanjala akaingia. Wiki nzima alikuwa Shelly Beach akipambana na mitambo ya hoteli moja iliyoingiwa na chumvi ya bahari, fumbo hakuwahi hata kulisikia. Mkononi ana mfuko wa viazi vya karai.

“Sasa nyi mnaomboleza nani?”

Bi Zuhura akamtazama. Kisha akasimama, akavua champali.

“Lete mkebe wa kete,” akaniambia. “Huyu halijui fumbo. Achukue karatasi, asome mwenyewe, acheze mwenyewe. Sisi tutatazama tu, tuone programu zetu zinaachana naye wapi.”

Tukapanga mfano mdogo sakafuni: champali zetu zimejipanga safu moja katikati, ndiyo rafu, mapengo huku na huku. Sote tukasimama mlangoni. Wanjala akachuchumaa, karatasi mkono wa kulia, kete mkono wa kushoto. Akasoma midomo ikicheza, akaweka kete ya kwanza dirishani, akaishusha kigae kwa kigae mpaka ikagonga champali. Ikatulia. Sawa, hata zetu hufanya hivyo. Akashusha ya pili. Ikafika juu ya ile ya kwanza, ikazuiwa. Wanjala akaichukua kwa vidole viwili akaitelezesha upande.

“Kulia!” Tulipiga kelele watatu kwa sauti moja, kama kwaya.

Wanjala akashtuka, kete ikamtoka. Bi Zuhura akatikisa kichwa, akatumia maneno yake ya kila asubuhi. “Mkono huo, mwanangu! Ndiyo maana wakosea. Tumia wa kulia.”

“Haya, pole, Mathe.” Wanjala akahamisha karatasi mkono wa kushoto. Akaishika kete kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote, kama anampa mkwewe. Akairudisha juu ya mwenzake. Akaitelezesha upande uleule. Kushoto.

“Wanjala!” nikasema. “Kulia kwanza!”

“Mzee Foki, mkono nimebadilisha. Lakini hii karatasi inasema kushoto.”

“Inasema wapi?”

“Hapa. Soma. Kushoto kwanza, ikikataa ndio kulia.”

Mishi alimpokonya karatasi. Akasoma. Akampa Bi Zuhura. Bi Zuhura akaisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaisoma tena. Mimi nikasoma juu ya bega lake. Maneno yalikuwa wazi, meusi, makubwa kama milango ya godauni. Tulikuwa tumeyasoma wiki nzima.

“La ilaha illallah,” akasema Bi Zuhura taratibu. “Sote?”

Sote. Mimi nimelelewa Kaloleni na mama ambaye ukimpokea kitu kwa kushoto anakirudisha kabatini na kofi juu yake. Mishi Mdigo wa Likoni, Bi Zuhura Mmvita wa Wamvita. Makabila mbalimbali, dini mbalimbali, kofi ni moja. Tunakula kwa kulia, tunatoa kwa kulia, tunaingia mlangoni kwa mguu wa kulia. Ikaja nazi, ikauliza ianze upande gani, na vidole vitatu tofauti, katika vyungu vitatu tofauti, vikaifunza adabu. Macho yalisoma kushoto, mkono ukaandika kulia, na mwenzangu alipokuja kunikagua akaona mambo ni ya heshima, akapita.

Na ule mfano mdogo ndio uliotufunga macho. Pande zake zilifanana, rafu katikati, pengo huku, pengo kule. Ukianza kulia ukianza kushoto mrundo ni uleule, umegeuzwa tu kama sura kwenye kioo, na hesabu ni moja. Ramani kubwa haikuwa na usawa huo. Rafu zake zilikaa kama mabati ya Junda, hapa limechomoza, hapa limekatwa, na nazi zetu zenye adabu zilikwenda kuchuruzikia mlango usio wao.

Kurekebisha ilikuwa kubadilisha nafasi za mistari miwili. Mishi alimaliza kabla sijavaa miwani. Tukaingiza ramani tena, kila mtu kwake, na nambari mpya ikatoka, ileile kwa watatu. Nilitaka kucheza ngoma, miguu ikakataa. Tulikubaliana leo, lakini hata juzi tulikubaliana!

“Turudi sakafuni,” Bi Zuhura akasema. “Na tuvunje usawa.”

Akasogeza champali moja upande, akaongeza yake ya pili mbali kidogo, godauni likawa kombo. Tukampa Wanjala mkebe wote. Jamani, kijana yule alicheza! Kete baada ya kete, anashusha, zinazuiwa, anatelezesha kushoto, anatelezesha kulia, anaitazama karatasi hata pale asipohitaji, jasho linamtoka, Mishi amepiga magoti kando yake anahesabu, mimi nashika kichwa kama ni fainali na tumebakisha penalti. Mpaka kete moja ikakosa pa kukaa. Ikashuka, ikapita pengoni, akaisukuma ikabingirika mpaka kwenye kidole cha mguu wangu. Mishi akataja hesabu. Nikaitazama programu yangu, nilikoliingiza godauni lile lile la kombo. Ile ile! Ya Mishi, ile ile! Ya Bi Zuhura, ile ile!

Nje waliokuwa wakienda msikitini walishaanza kupita. Bi Zuhura akaandika nambari kwenye kompyuta yake, akaondoa mkono kwenye kibodi.

“Wanjala, mwanangu. Bonyeza wewe.”

Wanjala akapangusa vidole vya viazi kwenye suruali, akanyoosha mkono wa kulia.

“La,” Bi Zuhura akasema. “Mkono huo mwingine.”

Akabonyeza kwa kushoto. Sikuona kilichoandikwa, maana Mishi alinirukia shingoni na miwani ikaanguka. Lakini nilisikia. Nasema Changamwe nzima ilisikia. Mwenye duka la vipuri alipanda ngazi na ufagio wake, na tulipomweleza akacheza na sisi bila kuelewa hata neno. Mkurugenzi alipopiga, Bi Zuhura aliiacha simu iite kidogo, ndipo akapokea, akasema, “Ofisi ya Changamwe, karibu.” Hakuongeza lolote. Alikuwa anawahi sala.

Kazi ya magodauni yale ndiyo iliyotulisha mpaka leo, na ndiyo mnayoiendeleza. Programu hiyo ina nazi zangu ndani yake, ingawa mteja anadhani ni mahindi. Sharti la chungu lipo bado, nami sikulifuta. Ila tuliongeza mtu wa nne, ambaye hajui kitu, anakabidhiwa kete na karatasi, na sisi tunafunga midomo. Kufunga mdomo ndiko kulikonishinda zaidi ya programu zote.

Wiki iliyopita mliniaga, nanyi mliona, lakini wengi hamkujua mlichokiona. Bi Zuhura alikuja kutoka nyumbani, anatembea kwa mkongojo siku hizi. Ngazi alizipanda moja moja, na nadhani alipofika juu alishaona kosa kwenye kioo cha mmoja wenu. Mishi akatoa hotuba. Halua ikaletwa na kahawa. Nikasimama kungoja sahani yangu, na Bi Zuhura akaishika yeye mwenyewe, akaegemeza mkongojo mezani, akaninyooshea. Kwa mkono wa kushoto.

Wazee walioalikwa, waliokaa mlangoni, wakatazamana. Mke wangu akanikanyaga mguu. Na kutoka nyuma ya mashine ya kuchapia, mdomo umejaa halua, Wanjala akapaza sauti:

“Mkono huo, Mathe!”

“Karatasi ndivyo isemavyo, mwanangu,” Bi Zuhura akasema, wala hakuurudisha.

Nami nikanyoosha wa kushoto, nikapokea.